Chemirocha na Sauti ya Msichana: Usawiri wa Mwanamke Mweusi katika Nyimbo za Bonde la Ufa

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kuandika mengi kuhusu usawiri wa mwanamke katika riwaya, tamthilia na ushairi. Nyimbo zipendwazo, yaani zile zinazosikika sokoni, ndani ya matatu na katika vilabu vya pombe, hazikupata bahati hiyo. Aghalabu zimeachiwa waandishi wa magazeti, kana kwamba kitu kinachosikilizwa na watu wengi hivyo hakistahili kutiwa katika mizani ya uhakiki. Ilhali mkulima wa Molo au mchuma chai wa Kericho ambaye hajapata kushika riwaya mkononi amekwisha kusikia nyimbo mia na zaidi zinazomweleza mwanamke ni nani, anafaa kwa lipi, na wapi anapaswa kunyamaza. Makala hii inakusudia kulichunguza suala hilo katika Bonde la Ufa la kati, kuanzia Nakuru na kuelekea magharibi hadi nchi ya Wakipsigis, kwa kutumia hoja zilizokuzwa na ufeministi wa wanawake weusi. Mfano mkuu ni wimbo mmoja mfupi ulionaswa mwaka 1950, nao unajulikana kwa jina la Chemirocha.

Kwanza yafaa dhana yenyewe ielezwe, maana imekwisha kutumiwa ovyo. Ufeministi wa wanawake weusi ulikua Marekani kutokana na manung'uniko ya pande mbili. Vyama vya kutetea wanawake vilinena kana kwamba wanawake wote ni weupe, na vyama vya kutetea watu weusi vilinena kana kwamba watu weusi wote ni wanaume. Mwaka 1977 kundi la Combahee River Collective la Boston lilitoa tamko lililoshikilia kwamba ukandamizaji wa rangi, wa jinsia na wa kitabaka haumfikii mwanamke mweusi kwa zamu, bali humfikia kwa pamoja, hata haiwezekani kuutenganisha kama atenganishaye pumba na mchele. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliipa hoja hiyo jina la kitaaluma mwaka 1989, na mwaka uliofuata Patricia Hill Collins akaeleza jinsi jamii inavyotunga picha chache za mwanamke mweusi, mathalani yaya mtiifu au kahaba asiyetosheka, na kuzirudia hata zionekane kuwa maumbile. Barani Afrika, Chikwenye Okonjo Ogunyemi wa Nigeria alitahadharisha mwaka 1985 kwamba mwanamke wa Kiafrika anayo mengine yanayomkabili, kama ukewenza, wakwe na umaskini, ambayo mwenzake wa Marekani huenda asiyajue. Tahadhari hiyo ni ya haki. Nadharia haihamishwi kutoka nchi moja hadi nyingine kama gunia la mahindi.

Kuhusu muziki, kazi iliyo muhimu zaidi ni ile ya Angela Davis ya mwaka 1998, iliyochunguza waimbaji watatu: Gertrude "Ma" Rainey, Bessie Smith na Billie Holiday. Davis, ambaye alikuwa Nairobi mwezi wa Julai 1985 wakati wa mkutano wa kufunga Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa, anadai kwamba nyimbo za bluzi zilikuwa mahali pa kwanza ambapo wanawake weusi wasio na elimu ya juu walisema hadharani, kwa nafsi ya kwanza, juu ya mapenzi, kipigo, safari na hamu zao. Jambo la kuzingatiwa hapa ni hiyo nafsi ya kwanza. Swali lake si "Mwanamke anasifiwa au anatukanwa?" bali ni "Nani anayesema, na nani anayesemwa?" Ni swali la sarufi kabla ya kuwa swali la siasa, na kwa sababu hiyo linawahusu wanaisimu moja kwa moja.

Sasa na tuje Kapkatet. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini akikusanya muziki, alifika katika wilaya ya Kericho na kunasa nyimbo za Wakipsigis. Miongoni mwake zimo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume wakipiga ala ya nyuzi iitwayo chepkong. Ya tatu iliimbwa na wasichana, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya. Hiyo ya tatu ndiyo iliyozunguka dunia. Chemirocha si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji mweupe wa Mississippi aliyezaliwa mwaka 1897, akafanya kazi katika garimoshi, akawa mashuhuri kwa namna yake ya kugeuza sauti ghafla kutoka nzito hadi nyembamba, na akafariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika Bonde la Ufa pamoja na gramafoni, na sauti yake ikawashangaza vijana wa Kipsigis.

Jinsi jina lilivyoingia katika lugha ni somo lenyewe. Lugha za Kikalenjin hazitofautishi kifonimu vipasuo ghuna na visivyo ghuna, basi si ajabu kwamba "j" ya Jimmie ikawa "ch" na Rodgers akawa "rocha". Lililo la ajabu ni irabu. Kikalenjin kina irabu "i", hivyo haikulazimika Jimmie awe "Chemi". Angaliweza kubaki "Chimi". Kilichovuta irabu hiyo, kwa kadiri umbo lenyewe linavyoonyesha, ni mfano wa majina ya watu. Wakalenjin humtambulisha mwanamume kwa kiambishi Kip- au Ki-, na mwanamke kwa Chep- au Che-: Kibet na Chebet, Kiplimo na Chelimo, Kimutai na Chemutai. Bwana Rodgers basi aliingia katika Kikipsigis akiwa amevishwa kiambishi cha kike. Msomaji asiharakishe kuona njama hapa. Kiambishi hicho huonekana pia katika majina ya vitu, na chepkong ni mfano ulio karibu. Hata hivyo, katika wimbo unaoongozwa na msichana aitwaye Chemutoi, jina la mgeni lina mwanzo ule ule wa jina la mwimbaji. Amekaribishwa kwa masharti ya wenyeji, na masharti ya sarufi ndiyo ya kwanza.

Wasichana hao wanasema nini? Wanamwita Chemirocha aje acheze. Wanamtaka aruke kwa nguvu kama warukavyo vijana wa kwao, aruke hata nguo zimvuke. Huo ndio uti wa wimbo. Wasichana ndio wanaoita, wanaotazama na wanaohukumu, na mwanamume mweupe, katika mwaka ambao Kenya ilikuwa koloni na nyanda za Nakuru zilikuwa zimetengwa kwa walowezi, ndiye anayetazamwa mwili wake ukichezeshwa. Ni mzaha, naam, lakini mzaha wa aina hiyo si kitu kidogo. Katika uwanja wa ngoma wa Kipsigis, kama katika viwanja vingi vya ngoma vya Afrika ya Mashariki, msichana ana uhuru wa kusema ambao hana akiwa nyumbani mbele ya wazee, na ngoma inapomalizika uhuru huo hukunjwa pamoja na njuga. Davis alipowasoma waimbaji wa bluzi aliona jambo kama hilo: hamu ikitajwa wazi na mwenye hamu, badala ya kutajwa na anayemtamani.

Lakini maelezo yaliyoambatana na santuri ya Tracey yalikwenda njia nyingine. Yalimweleza Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, aina ya mungu mdogo wa porini kama wale wa Wagiriki wa kale. Maelezo hayo yamenakiliwa tena na tena na waandishi wa Ulaya na Marekani, mara nyingi kwa furaha kubwa, na yamezaa hekaya ya wasichana wa porini waliosikia gramafoni wakadhani ni sauti ya mungu. Hapa mhakiki lazima asimame. Katika fasihi simulizi ya Afrika ya Mashariki mtu husifiwa kwa mnyama kila siku. Anayeitwa simba hana mkia, na mchezaji arukaye vizuri akifananishwa na paa, msikilizaji wa Kipsigis hatazami miguuni kutafuta kwato. Kugeuza sitiari ya wasichana ikawa imani ni kuwanyang'anya usanii wao. Mshairi hubuni, mshirikina huamini tu. Ndiyo ile picha ambayo Collins aliieleza, kwa sura ya Kiafrika: mwanamke mweusi mjinga wa kupendeza, mwenye sauti tamu na akili ya mtoto. Haitukani kwa maneno makali, na kwa hiyo ni ngumu zaidi kuing'oa.

Kuna kinaya kingine ambacho hekaya hiyo imekifunika. Muziki wa Jimmie Rodgers haukuwa wake peke yake. Mtindo wake ulijengwa juu ya bluzi za watu weusi ambao alifanya kazi nao katika reli. Mwezi wa Julai 1930, huko Hollywood, alirekodi wimbo mmoja akisindikizwa na Louis Armstrong kwa tarumbeta, na piano ikapigwa na Lil Hardin Armstrong, mwanamke mweusi mtunzi na mpiga piano hodari. Kibandiko cha santuri hiyo hakikuwataja Waarmstrong hao. Kwa hiyo wasichana wa Kapkatet walipoijibu sauti ya Chemirocha, walikuwa pia wakijibu, pasi na kujua, muziki wa watu weusi waliofichwa nyuma ya jina la mzungu. Na wao wenyewe baadaye wakafichwa nyuma ya jina hilo hilo.

Kwa upande wa mashariki wa bonde, katika mashamba ya walowezi ya Naivasha, Njoro, Elburgon na Molo, waliishi maskwota wa Kigikuyu waliokuja na nyimbo zao. Katika nyimbo hizo mwanamke ana sura mbili zinazopingana. Baada ya mauaji ya tarehe 16 Machi 1922 jijini Nairobi, umati ulipodai Harry Thuku afunguliwe na Mary Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume kwa kuvua nguo mbele yao kabla ya kupigwa risasi, wanawake walitunga wimbo wa Kanyegenuri kumkumbuka. Humo mwanamke ni mtendaji. Miaka saba baadaye, mwishoni mwa 1929, ukazuka Muthirigu. Huo ulipinga amri ya wamisionari dhidi ya tohara ya wasichana, ukawakejeli machifu na wazungu, na serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Wanahistoria wengi huuhesabu miongoni mwa nyimbo za ukombozi, na hawakosei. Lakini wimbo huo pia uliwatukana vikali wasichana wasiotahiriwa. Mwili wa msichana ulikuwa uwanja ambapo wamisionari na wazalendo walipigania mamlaka, na kila upande ulidai kumsemea. Hii ndiyo sababu hoja ya Combahee inafaa hapa. Msikilizaji anayepima ukoloni peke yake atauona Muthirigu kuwa ushindi, na anayepima jinsia peke yake atauona kuwa aibu, ilhali msichana aliyetukanwa ndani yake alikuwa mkoloniwa na mwanamke katika saa ile ile.

Ni vyema kukumbuka Olenguruone vilevile, nyanda za juu za wilaya ya Nakuru, si mbali sana na nchi ya Kapkatet. Katika miaka ya 1940 walowezi wa Kigikuyu waliowekwa huko na serikali walikataa masharti yake ya kilimo, wakala kiapo cha umoja ambacho, tofauti na desturi ya awali, kilihusisha wanaume, wanawake na watoto. Waliondolewa kwa nguvu kati ya mwaka 1949 na 1950. Nyimbo za kilio cha Olenguruone ziliimbwa na watu wote kwa nafsi ya kwanza wingi, na wingi huo ulitokana na kiapo chenyewe.

Baada ya uhuru ulikuja muziki wa gitaa. Kericho ilikuwa na kampuni ya santuri ya Chandarana, iliyorekodi wanamuziki wa Kikalenjin, wa Kijaluo na wengineo, na Nakuru, mji wa reli na soko la makabila yote ya bonde, ulikuwa mahali pa kununulia na kusikilizia. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et walipata umaarufu mkubwa miongoni mwa Wakalenjin. Enzi hiyo ilikuwa ya gitaa, na gitaa lilishikwa na wanaume. Wimbo wa mapenzi ukawa na umbo moja: mwanamume ni nafsi ya kwanza, mwanamke ni nafsi ya pili, na nafsi ya pili haijibu.

Kiswahili chenyewe kimesaidia umbo hilo kudumu. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Kitenzi kimegawa kazi kabla mtunzi hajafungua kinywa, na mwanamume anayeishi kwa mali ya mkewe huchekwa kwa kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Malaika, wimbo uliorekodiwa na Fadhili William na ambao utunzi wake umegombaniwa kwa muda mrefu, ni malalamiko ya kijana asiye na mali ya kuoa. Miriam Makeba alipouimba na kuufikisha duniani kote, kitenzi cha kuoa kilibaki vilevile katika nafsi ya kwanza. Mwanamke mweusi mwenye sauti kubwa kuliko zote za wakati wake alisimama jukwaani akaimba nafsi ya mwanamume, na hakuna aliyeshtuka. Katika Sina Makosa ya Les Wanyika, ambao bado unapigwa katika mabaa ya Nakuru, wanaume wawili wanazozana. Mwanamke ndiye chanzo cha ugomvi na hapewi neno hata moja.

Hata pale sauti ya kike inaposikika, si lazima nafsi iwe ya kike. Kalambya Sisters, waliovuma katika miaka ya 1980 wakiwa pamoja na bendi ya wanaume ya Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki, walipata sifa hadi Ulaya kwa Katelina, wimbo wa Kikamba juu ya msichana mpenda pombe anayebeba mimba mara kwa mara. Sauti ni nyembamba na tamu kupita kiasi, na kile kinachosemwa ni hukumu ya kijiji juu ya Katelina. Waliombebesha mimba hawana majina. Joseph Kamaru (1939–2018) afaa kutajwa kama kipingamizi. Katika Ndari ya Mwarimu alimkemea mwalimu anayemfanya mwanafunzi wake kuwa hawara, na walimu wakakasirika kwa kuwa kidole kilielekezwa kwa mwenye mamlaka. Nyimbo zake nyingine aliziimba na dada yake, Catherine Muthoni, kwa majibizano, na majibizano yana uwezo ambao wimbo wa mtu mmoja hauna: nafsi ya pili hujibu. Jane Nyambura, yaani Queen Jane (1964–2010), alikwenda mbele zaidi akaongoza bendi yake mwenyewe na kuimba juu ya ndoa na mienendo ya wanaume akiwa nafsi ya kwanza. Ikumbukwe pia kwamba wanamuziki kadhaa wa Kigikuyu walijiita kwa jina la mwanamke, kama Musaimo wa Njeri na Kigia wa Esther, kufuata desturi ya nyumba za wake wengi ambamo mtoto hutambulishwa kwa mamaye. Mama yumo katika jina la msanii, lakini katika nyimbo nyingi mwanamke asiye mama hana jina zaidi ya "mrembo".

Pwani walikuwa wametangulia. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba Kijiti kwa kulalamikia kesi ya mwanamke aliyeuawa na mahakama iliyowaadhibu mashahidi huku mshitakiwa akiponyoka. Inasikitisha kwamba vitabu vya shule humtaja Siti kama tumbuizo la sultani kuliko kama mkosoaji wa sheria.

Mwaka 2019 suala hili lilirudi kwa ukali. Kundi la vijana wa Nairobi, Ethic, lilitoa wimbo wa Sheng uitwao Tarimbo, ukasikika katika matatu za Nakuru na Njoro kama kwingineko. Tarimbo ni umbo la mtaani la mtaimbo, chuma cha kuvunjia mawe. Sitiari ya chombo cha kazi kwa kiungo cha mwanamume si ngeni. Unyago na taarabu zimejaa sitiari za kinu na mchi. Tofauti ni kwamba mchi na kinu hufanya kazi pamoja, na katika unyago husemwa na wanawake wenyewe wakifundishana, ambapo mtaimbo huvunja tu. Wimbo ulishangilia kumwingilia mwanamke kwa nguvu. Wanawake wengi wa Kenya walipinga hadharani, wimbo ukaondolewa mtandaoni na kundi likaomba radhi. Wapo waliodai kwamba huo ulikuwa udhibiti wa sanaa za vijana maskini. Dai hilo si la kupuuzwa, kwa kuwa dola imewahi kuzima nyimbo nyingi kwa kisingizio cha maadili, na Muthirigu ni shahidi. Lakini waliopinga Tarimbo kwanza hawakuwa dola. Walikuwa wasikilizaji walioona kwamba katika wimbo ule hawakuwa hata nafsi ya pili. Walikuwa jiwe.

Wahariri wa kumbukumbu za sauti wana kazi yao pia. Mkusanyo wa Tracey umehifadhiwa katika International Library of African Music, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo tangu 1978 iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 2010 maktaba hiyo, ikishirikiana na mradi wa Singing Wells unaohusisha Ketebul Music ya Nairobi, ilirudisha nakala za nyimbo za mwaka 1950 katika nchi ya Wakipsigis. Idara za lugha za vyuo vya bonde hili, Egerton huko Njoro ikiwa miongoni mwake, zinaweza kuanzia hapo: kuyanukuu maneno ya Chemirocha upya kwa Kikipsigis, kwa toni na irabu zake zote, pamoja na wasemaji wa kike wa lugha hiyo, na kuifasiri tena ile sehemu iliyozaa paa. Na ziisahihishe orodha. Nyimbo mbili za wanaume zimeandikwa kwa majina kamili ya waimbaji. Ule wa tatu umeandikwa kwa jina la Chemutoi Ketienya, na baada yake yamefuata maneno mawili tu: wasichana, Wakipsigis.